Je, Wajua? Yaliyo Chini ya Boti

Pita ufukweni Bagamoyo maji yakiwa yamekupwa, pale karibu na forodha ya zamani, uone vyombo vimelala ubavu mchangani kama ng'ombe wa saa saba mchana. Ni saa nzuri ya kuchungulia matumbo yao.

Gereji yenye winchi ya bure

Wakati wa bamvua, bahari ya pwani hii hupanda na kushuka karibu meta 4: milango miwili ya nyumba iliyosimamishwa mmoja juu ya mwenzake! Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Nahodha hukisogeza chombo ufukweni maji yakijaa, hukiacha kipwelewe, na fundi hupata saa chache za kukwangua, kuziba na kupaka kabla maji hayajamfika magotini. Mwenye boti ya injini aangalie tu pangaboi lisikalie jiwe. Kwingine watu hulipa fedha nyingi boti iinuliwe. Huku kazi hiyo hufanywa na mwezi.

Si mnyoo, ni nduguye chaza

Yule mharibifu anayetoboa mbao za mashua ana umbo la mnyoo, lakini ukoo wake ni wa chaza. Gamba lake amelibakiza kichwani tu, dogo, analitumia kama keke. Msimdharau. Mwaka 1503 Columbus alizipandisha ufukweni Jamaica meli zake mbili za mwisho zikiwa matundu matupu, akakwama huko mwaka mzima. Naye mhandisi Marc Brunel alimtazama kiumbe huyuhuyu anavyochimba, akabuni kifaa cha kuchimbia njia chini ya mto Thames, jijini London, iliyofunguliwa 1843. Dawa ya mafundi wetu haikuhitaji uhandisi: makuti makavu yanawashwa, ndimi za moto zinapitishwa tumboni mwa chombo, na mtoboaji anaivia humohumo ndani ya mbao.

Anayekula kwa miguu

Yale magamba makali yanayokuchana mguu ukigusa chini ya boti yana mwenyewe ndani, naye ni jamaa ya kaa na kamba. Akiwa mchanga huogelea huru. Akipata pa kukaa hujigandisha kwa kichwa, hujenga nyumba juu yake, na tangu hapo hujilisha kwa kupunga miguu. Wakijazana, boti huenda kama mtu aliyevaa gunia lililolowa, na mafuta yanakwisha safari ikiwa bado nusu.

Wazee waliwazuia kwa deheni, yaani shahamu iliyokorogwa na chokaa, na mbao wakazipaka sifa, mafuta ya papa. Harufu yake humtangulia baharia sokoni! Viwanda vilipoleta rangi yenye sumu iitwayo TBT, konokono wa baharini majike wakaanza kuota viungo vya kiume. Dunia ikaipiga marufuku kwenye meli kuanzia 2008. Sifa ilinuka tu.

Zinki ya kafara

Mwaka 1824 mwanakemia wa Uingereza, Humphry Davy, alijaribu kuokoa shaba iliyofunika matumbo ya manowari, ambayo ilikuwa ikilika kwa maji ya chumvi. Akaiambatanisha na vipande vya zinki na chuma, na shaba ikaacha kulika. Kumbe shaba ile ilifukuza viumbe kwa sababu ilikuwa inayeyuka kidogo kidogo! Ilipopona, wale wa magamba wakahamia kwa furaha. Hata hivyo wazo lake halikupotea: boti nyingi za injini leo hubeba kipande cha zinki karibu na pangaboi, kiliwe chenyewe, pangaboi lisalimike. Kikibaki kama sabuni ya jana, unafunga kingine.

Neno lililosafiri kuliko jahazi

Fundi wa Bagamoyo anayeshindilia pamba kati ya mbao anatia kalafati. Mwarabu, Mreno, Mwitaliano na Mfaransa wote wanalo neno hilohilo, kila mmoja kwa lafudhi yake. Hata kusini mwa Argentina kuna mji uitwao El Calafate.

Boti iliyotembea kwa miguu

Novemba 1874 boti ya mpelelezi Stanley, Lady Alice, yenye urefu wa meta 12, iliondoka Bagamoyo ikiwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Mwaka uliofuata ikaunganishwa, ikazunguka Ziwa Victoria.

Grisi iliyookoa meli

Meli ya Ziwa Tanganyika, MV Liemba, iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina jingine, Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Mitambo hiyo ya mvuke, iliyolala miaka chini ya ziwa, iliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, ilipong'olewa zikafungwa injini za dizeli.