Kibla cha Ugenini na Kipokezi cha GPS

Wazee wetu waliotoka Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu hawakuhitaji hesabu ndefu ili kujua kibla. Makka iko karibu sawasawa kaskazini ya pwani yetu. Ukiwa Unguja, kibla kimeegemea mashariki ya kaskazini kwa digrii moja na kidogo tu, na ukiwa Mombasa hata digrii moja haitimii. Ndiyo maana katika Kiswahili cha zamani neno "kibla" lilitumika pia kwa upande wa kaskazini, kama "suheli" lilivyotumika kwa kusini. Mtoto alizaliwa akakuta msikiti umekwisha elekezwa, naye akaelekea walikoelekea baba zake.

Hapa Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia mambo si mepesi hivyo. Nataka kuwaelezea ndugu zangu juu ya kitu kidogo cha elektroniki, yaani moduli ya kupokea GPS, ambayo kijana anaweza kuinunua kwa kiasi cha dola kumi hadi ishirini na kuiunga mwenyewe mezani nyumbani. Nitaeleza inavyofanya kazi, isichoweza kufanya, na namna ilivyotusaidia kumaliza mzozo wa kibla bila ya mtu kumvunjia mwenziwe heshima.

Mzozo wenyewe wengi wenu mnaukumbuka. Katika ukumbi tuliokuwa tukiukodi kwa futari na tarawehe, baadhi ya wazee walishikilia kwamba kibla ni kusini-mashariki. Hoja yao ilikuwa wazi: Makka iko latitudo ya 21 na sisi tuko karibu ya 39, basi Makka iko chini yetu, na mwenye shaka aitazame ramani ya ukutani. Wengine wakasema ni kaskazini-mashariki, kama ulivyoelekezwa msikiti wa Islamic Center wa Massachusetts Avenue, uliofunguliwa mwaka 1957. Wengine wakatoa simu zao, na simu tatu zikaonyesha pande tatu. Ikafika usiku ambao watu waliofuturu sinia moja walisali safu mbili zisizoelekea pamoja, na watoto wakiwatazama. Mtoto mmoja akauliza, "Babu, sasa sisi tumfuate nani?" Swali hilo halikuwa la kuachwa mpaka Ramadhani nyingine.

Tuanze na ramani. Dunia ni tufe, na ramani ya ukutani ni tufe lililonyooshwa likalazimishwa kuwa karatasi. Chukua tufe la darasani, shika uzi, uweke ncha moja Washington na nyingine Makka, kisha uvute mpaka ukazike. Utaona uzi unaondoka Washington kwa kaskazini-mashariki, unapita Nova Scotia huko Canada, unaikata Atlantiki, unaingia Ufaransa, unapita kusini ya Italia na Misri, ndipo unateremka Makka. Njia hiyo ni kiasi cha maili 6,600, na hakuna njia fupi kuliko hiyo. Kwa hesabu, inaanza kwa digrii 56 na nusu kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Hesabu hii si ya Wamarekani. Al-Biruni alimaliza mwaka 1025 kitabu chake juu ya kupima mahali pa miji, na moja katika makusudio yake lilikuwa kupata kibla cha mji wa Ghazna. Alihitaji kujua alipo ndipo ajue aelekee wapi. Kazi ya kujua ulipo, ambayo kwake ilikuwa safari na vipimo vya miaka, sasa inafanywa na kidude kisichozidi upana wa vidole viwili.

Kinafanyaje? Fikirini mko Mji Mkongwe, na waadhini wa misikiti minne wanaanza adhana kwa nukta ile ile. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Adhana ikikufikia imechelewa sekunde mbili, basi msikiti ule uko mita 680 kutoka ulipo. Ukijua misikiti ilipo na kuchelewa kwa kila adhana, utajua umesimama uchochoro gani. Setilaiti za GPS ndizo waadhini hao. Ziko kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku, na kila moja inanadi kwa redio: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na saa yangu ni hii. Redio huenda mbio kama mwanga, hata kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Kwa hiyo setilaiti zimewekewa saa za atomi. Kipokezi chako kina saa ya bei rahisi, kwa hiyo hakitosheki na setilaiti tatu. Kinahitaji ya nne ili kisahihishe saa yake, na hapo kinakupa mahali ulipo pamoja na saa iliyo sahihi kuliko saa yoyote iliyomo nyumbani mwako.

Yafaa vijana wetu wajue kwamba sehemu kubwa ya elimu hii ilizaliwa hapa tunapoishi. Mwaka 1957, Warusi waliporusha Sputnik, wataalamu wawili wa maabara ya Johns Hopkins hapa Maryland, William Guier na George Weiffenbach, waliisikiliza sauti yake na kwa kubadilika kwa sauti hiyo wakajua inapita wapi. Mwenzao Frank McClure akaligeuza swali mwaka 1958: ikiwa tunajua setilaiti ilipo, je, hatuwezi kujua sisi tulipo? Roger Easton wa Naval Research Laboratory, ukingoni mwa mto Potomac, alifanyia kazi setilaiti za kubeba saa, ya kwanza ikaruka mwaka 1967. Huko Dahlgren, Virginia, Bi Gladys West, mwanamke Mmarekani mweusi aliyeanza kazi hapo mwaka 1956, alishughulika na hesabu za umbo la dunia, ambazo bila ya hizo vipimo vingepotoka. Setilaiti ya kwanza ya GPS yenyewe ilirushwa mwaka 1978. Na saa inayofuatwa na GPS inatunzwa na Naval Observatory, katika barabara ile ile ya Massachusetts Avenue ulipo msikiti wa Islamic Center. Mwenye kwenda kusali Ijumaa akitokea juu ya barabara hiyo hupita penye saa kabla ya kufika penye mihrabu.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Vijana watatu wa familia zetu walitumia moduli ya aina ya NEO-6M, kompyuta ndogo ya Arduino na skrini ya mistari miwili. Moduli ina waya nne: umeme, ardhi, wa kutolea habari na wa kupokelea. Waya wa kutolea wa moduli unaungwa na wa kupokelea wa Arduino, na anayeunga kutoa kwa kutoa atasubiri mpaka kesho. Antena ielekezwe mbinguni. Chini ya dari ya zege haitapata kitu, lakini uwanjani penye uwazi inaweza kushika ndani ya dakika moja, kisha taa yake ndogo inaanza kupepesa mara moja kila sekunde.

Kila sekunde moduli inatoa mistari ya maandishi yaliyotengwa kwa mkato. Mstari wa RMC una saa ya dunia nzima (ambayo Afrika Mashariki huiongezea saa tatu, na sisi huipunguza tano wakati wa baridi na nne wakati wa joto), kisha herufi A ikiwa kipimo kimekubaliwa au V ikiwa bado, kisha latitudo, longitudo, mwendo na tarehe. Hapa pana mtego. Takoma Park inaandikwa 3858.7, nayo maana yake ni digrii 38 na dakika 58.7. Vijana walisoma kama 38.587, na walipoweka nukta kwenye ramani wakajikuta Charles County, maili 27 kusini ya nyumbani. Ajabu ni kwamba kibla walichokokotoa hakikubadilika hata kwa robo ya digrii, kwa hiyo bila ya ramani wasingegundua. Kwani eneo letu lote, tangu Fairfax mpaka Baltimore, kibla chake ni kati ya digrii 56 na 57. Mita chache za kukosea kwa moduli hazina uzito wowote hapa. Faida yake ni kwamba ukisafiri nayo kwenda Houston au Toronto kwa harusi inajikokotolea yenyewe, na saa yake haidanganyi.

Lakini lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Moduli hii haijui imeelekea wapi. Ukitembea itakwambia unakwenda upande gani, maana inalinganisha ulipokuwa na ulipo. Ukisimama, namba ya upande inatangatanga kama mlevi. Kwa hiyo inaweza kukwambia kwamba kibla ni digrii 56 na nusu kutoka kaskazini, lakini kaskazini yenyewe ni juu yako kuitafuta. Dira ya sumaku nayo ina maradhi yake: hapa Washington sindano yake huegemea kiasi cha digrii 11 magharibi ya kaskazini ya kweli, na ikiwa karibu na gari au nguzo ya chuma hupotea zaidi. Bila shaka hapo ndipo simu zetu zilipogombana.

Vijana walipokwama nikawakumbusha tulivyofundishwa chuoni kupima adhuhuri na alasiri kwa kivuli. Ikiwa unajua mahali ulipo, tarehe na saa, hesabu inakupa jua liko upande gani. Basi tafuta dakika ambayo jua liko kinyume kabisa na kibla, yaani digrii 236 na nusu. Dakika hiyo kivuli cha kitu kilichosimama wima kinakwenda moja kwa moja kibla. Mjini kwetu hapa dakika hiyo haikosekani siku yoyote ya mwaka. Mwishoni mwa Juni ni baada kidogo ya saa nane na nusu mchana, na mwishoni mwa Desemba ni kabla kidogo ya saa kumi na nusu, jua likikaribia kuchwa. Vijana wakaandika programu: moduli inatoa mahali na saa, Arduino inakokotoa, na skrini inahesabu dakika zilizobaki mpaka kivuli kifike.

Jumamosi moja ya mwisho wa Juni tukakutana nje ya ukumbi, wazee wa rai zote mbili wakiwapo. Hatukutumia kijiti, tulitumia timazi ya fundi muashi, kwa sababu uzi wenye uzito hausimami kombo. Ilipotimia saa nane na dakika 39 skrini ikalia, na kijana akapiga mstari wa chaki juu ya kivuli cha uzi. Tukapima pembe baina ya mstari ule na ukuta wa jengo, tukaihamishia ndani, tukabandika utepe kwenye zulia. Tulipoweka dira juu ya mstari wa chaki, mbali na magari, ilisoma karibu 67, yaani 56 na nusu pamoja na zile digrii 11 za sumaku.

Mzee mmoja aliyekuwa mkali kuliko wote kwa upande wa kusini-mashariki aliutazama mstari kwa muda mrefu. Akasema, "Hiyo mashine yenu siijui. Lakini kivuli nakijua tangu utoto wangu, na kivuli hakina mjomba." Alasiri ile alisimama safu ya mbele, juu ya utepe. Masuala ya wanavyuoni juu ya kuelekea Kaaba yenyewe au upande wake nawaachia wenyewe. Ninalojua ni kwamba hatukusali tena safu mbili.

Watu huniuliza kwa nini watoto wahangaike na waya na hali simu inafanya yote. Simu inakupa jibu, lakini ukiiuliza limetoka wapi hainyoshi mkono. Vijana wale watatu leo wanaweza kukueleza kila hatua, na wanaweza kukuonyesha ilipo shaka na kiasi chake: kwamba saa ikikosea dakika tano katika Juni, kivuli kimekosea digrii mbili, na kwamba mita mbili au tatu za moduli ni si kitu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumyumbisha kwa kelele, wala yeye hana haja ya kupiga kelele.

Basi nasaha yangu kwa kila nyumba ni hii. Likizo ijayo wanunulieni watoto moduli moja na mfukufuku wa waya, muwakalishe na babu au bibi aliyesoma chuoni, mmoja aeleze mashine na mwingine aeleze kivuli. Hakikisheni wanasoma dakika za latitudo vizuri, wanakagua kwa ramani, na wanapima mbali na chuma. Na wakishapata mstari wao, wauandike nyuma ya mlango pamoja na tarehe na majina yao, ili wajao baada yetu wajue nani aliyepima.