Mwanzo wa Ngoma ni Lele

Vijana wa Mvita, Malindi na Lamu wenye kutunga ni wengi, na hapakosi kundi litamanilo kuwakusanya watu wa mtaani waje kusikiliza mashairi yao. Nia ni njema. Lakini nia haitandiki mikeka wala haichemshi kahawa. Aghalabu shughuli ya kwanza huharibika si kwa upungufu wa tungo, bali kwa kuwa mwenye shughuli alimfikiria sana malenga akamsahau msikilizaji.

Jambo hili si dogo, msomaji mpenzi. Ushairi wetu ni wa sikio kabla ya kuwa wa jicho. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, zilikaa vinywani mwa watu wa Mombasa miaka mingi, hata mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua akazikusanya kwa kushirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Waliozihifadhi muda wote huo ni wasikilizaji. Basi anayemchosha msikilizaji usiku wa kwanza amejifungia mlango mwenyewe, kwani wa pili hatamwona.

La kwanza ni kukadiria. Ukumbi wa watu 300 wenye wageni 40 hufanana na matanga. Ua wa nyumba wenye wageni hao hao huonekana umefurika. Anza na ua. Malenga watano, kila mmoja dakika nane, ni dakika 40. Tia udi na mwimbaji mmoja, tia kahawa na mazungumzo, shughuli nzima isizidi saa mbili. Afadhali watu waondoke wangali na hamu.

La pili ni siku. Masika ya Aprili na Mei si wakati wa kutandika mikeka uani. Mwezi wa Ramadhani usiku una shughuli zake. Uliza mtaani kama kuna harusi au maulidi usiku huo, maana huwezi kushindana na biriani. Saa nayo ina hesabu yake: baina ya magharibi na isha hapana ila muda upatao saa moja na robo, na ukianza hapo hadhira itakatika vipande viwili. Ngoja watu wasali isha, uanze saa mbili na nusu.

La tatu ni ruhusa. Mwenye mahali akubali kwa maandishi, na chifu na polisi wapate habari mapema. Kipaza sauti kina sheria yake, kwani tangu mwaka 2009 Kenya ina kanuni za kuzuia kelele zipitazo kiasi. Ulizia kibali kabla hujakodi vyombo. Jirani naye aendewe kwa miguu na kualikwa. Jirani aliyealikwa hapigi simu kituoni.

La nne ni kugawana kazi. Mkono mmoja haulei mwana, lakini manahodha wengi chombo huenda mrama. Mmoja awe mwenye shughuli na neno lake liwe la mwisho. Wa pili ashike saa. Wa tatu akae mlangoni, ampokee mzee kwa shikamoo na kumpeleka kwenye kiti, awaonyeshe kina mama mahali walipotengewa pa kuona na kusikia sawasawa, si nyuma ya nguzo. Wa nne aangalie umeme, na awe na taa ya akiba. Umeme ukikatika, wasogezeni watu karibu mkaendelee. Kina Muyaka hawakuwa na kipaza sauti.

Siku mbili kabla, kaeni na saa mkononi, kila malenga aghani shairi lake mwanzo hata mwisho. Wengi hudhani beti 20 ni fupi mpaka wazipime. Mwenye sauti ya kuvuta afungue, mwenye uzoefu afunge, mwanagenzi awekwe katikati ambapo hadhira imekwisha changamka.

Mtihani mkubwa huja saa mbili na nusu ikifika, na mgeni rasmi hajafika. Anzeni! Bibi aliyekuja mapema akaketi mkekani ana haki kuliko bwana mkubwa aliye njiani. Mheshimiwa akija atapewa nafasi ya kusema dakika tano, baada ya shairi lililomkuta.

Asubuhi yake rudisheni viti kwa hesabu, mmshukuru mwenye ua, na mahesabu ya fedha yasomwe mbele ya kundi zima, hata kama zilizobaki ni shilingi mia mbili. Fedha ya watu ni amana. Kisha muulizeni yule bibi wa mkekani lipi lilimpendeza na lipi lilimchosha, na majibu yake yaandikwe kabla hamjapanga tarehe ya usiku wa pili.