Kanuni za Ardhi ya Jamii Zisibaki Kwenye Karatasi

Wakazi wa Il Ngwesi, Makurian na Kurikuri, karibu na Doldol, wanakumbuka ranchi za pamoja chini ya sheria ya 1968: wawakilishi wachache walishika rejista, na mara nyingi walioandikwa ni wanaume wakuu wa familia.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inamtaka kila anayeshughulikia ardhi hiyo aongozwe na maadili ya kitaifa ya Ibara ya 10 ya Katiba, yakiwemo uwazi, uwajibikaji na usawa. Maneno haya hukaririwa sana mikutanoni. Hupimwa siku mwekezaji anapoleta mkataba. Kamati ya usimamizi, yenye wajumbe 7 hadi 15, haiwezi kumpa malisho kwa sahihi zake pekee. Inahitajika idhini ya theluthi mbili ya mkutano mkuu wa jamii, ambao ni wa watu wazima wote, wanawake na vijana wakiwemo.

Wakati wa ukame si rahisi, kwani vijana wengi wako mbali na mifugo. Kamati inayozikumbuka kanuni zake huahirisha mkutano hadi watu watimie. Na mama asiyeona jina lake kwenye rejista ana haki ya kuuliza kabla kura haijapigwa.