Kuulinda Uboho wa Mifupa Wakati wa Tiba ya Mionzi

Tiba ya mionzi, kama itolewayo katika Hospitali ya Inkosi Albert Luthuli mjini Durban, huua seli za saratani. Hata hivyo, ikielekezwa kwenye nyonga au uti wa mgongo, huugusa pia uboho, yaani ute laini ulio ndani ya mifupa, ambamo damu hutengenezwa. Seli za uboho hugawanyika upesi, na kwa sababu hiyo hudhurika upesi. Chembe nyeupe, zinazopigana na maradhi, huishi muda mfupi. Ndizo hupungua mapema. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, hivyo upungufu wake huchelewa kuonekana.

Je, ipo dawa ya kuukinga uboho?

Mwaka 1949 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa panya waliopewa sisteini kabla ya kupigwa mionzi walinusurika zaidi. Baadaye ilipatikana amifostini, inayonasa molekuli haribifu zinazozalishwa na mionzi kabla hazijaidhuru seli. Lakini dawa hiyo hushusha shinikizo la damu na kuleta kichefuchefu, hivyo matumizi yake ni machache. Filigrastimu haizuii madhara. Huuhimiza uboho kuzalisha chembe nyeupe. Zote mbili hutolewa kwa uamuzi wa daktari.

Hakuna mtishamba, unga wala kidonge cha dukani kilichothibitishwa kuukinga uboho, na baadhi vyaweza kuingiliana na tiba. Mgonjwa anayetumia habasoda, mwarobaini au vitamini kwa wingi amweleze daktari bila kuficha.

Kinga iliyo mikononi mwa familia

- Mgonjwa asikose kipimo cha damu. Chembe zikipungua mno, daktari ndiye huamua kuahirisha tiba. Mgonjwa asiiache mwenyewe.
- Nyumbani pawe na kipimajoto. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura, hata usiku wa manane. Asipewe dawa ya kushusha homa kisha akalazwa kungoja asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 10177.
- Kutokwa damu kusikokoma, au kuvilia damu bila kuumia, kuripotiwe siku hiyo hiyo.

Kukosa hati za ukaazi kusimchelewesha mtu. Kifungu cha 27(3) cha Katiba ya Afrika Kusini kinasema kuwa hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura.