Musa Alihitaji Macho



Anayedhani jangwa liko Sinai tu, apande baiskeli wakati wa kiangazi kutoka Chamazi hadi Mbande, huku kwetu Temeke, kwa njia za ndani. Mvua ikinyesha mchanga hushikamana, njia ikapitika. Jua likirudi unakuwa kama unga, na tairi linazama.

Kijana mmoja mwenyeji wa Lushoto alihamia huko, akawa anasambaza mayai madukani kwa baiskeli ya gia. Kwao Usambara amepanda na kushuka milima tangu utotoni, kwenye udongo mwekundu ulioshindiliwa na miguu ya watu. Huku tambarare, ajabu, akawa anaanguka kila siku. Mtaji ulipobaki trei nne akaniaga: "Padre, narudi nyumbani."

Aliyemzuia ni mzee wa Kizaramo, Mwislamu, anayebeba mkaa kwa Phoenix iliyochakaa. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee alibonyeza tairi la kijana, akacheka. "Mjukuu wangu, upepo huu ni wa lami." Akaupunguza. Kisha akamwelekeza: weka gia nyepesi kabla hujazama, kanyaga mfululizo, usiubane usukani, breki ya mbele iache kabisa. Pakizidi, shuka usukume, hakuna atakayekucheka.

Someni Hesabu sura ya 10. Waisraeli walikuwa na wingu la Bwana la kuwaongoza. Hata hivyo Musa alimsihi Hobabu Mmidiani, wa ukoo wa mkewe, afuatane nao awe macho yao, kwa kuwa alijua mahali pa kupiga kambi jangwani. Hobabu alikataa, akataka kurudi kwa jamaa zake. Musa akambembeleza tena. Mtu aliyezungumza na Mungu anambembeleza mgeni amwonyeshe njia!

Sisi tuliotoka bara tuna ugonjwa wetu: tukifika Pwani tunajiona tumekuja kufundisha. Tunamaliza miaka kumi Mbagala au Bunju bila kujua jina la jirani aliyezaliwa pale, kisha tunalalamika kwamba mji hauna utu.

Kijana hakurudi Lushoto. Sikukuu ya Idi alimpelekea mzee trei moja, kwa baiskeli, katikati ya mchanga uleule. Mayai yote 30 yalifika mazima.