Majani ya Mlonge kwa Kuku wa Nyama

Wako wafugaji wanaowapa kuku wa nyama dawa za kuua vijidudu, kama tetrasaiklini, ili wakue upesi, ingawa kuku hawaumwi. Jambo hili ni la hatari kwa mlaji. Vijidudu huizoea dawa, na siku vikimshika mtu, dawa ile haimponyi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekataza kukuza mifugo kwa dawa hizo tangu tarehe 1 Januari 2006.

Mlonge, ule ule tunaoupanda kuwa uzio, unaweza kukusaidia. Robo hivi ya uzito wa majani yake makavu ni protini, na tena yana vitamini A na chokaa. Chuma majani mabichi, yaoshe, kisha uyaanike kivulini mpaka yavunjike mkononi. Jua kali huharibu vitamini. Yatwange, uyachekeche, halafu uchanganye kilo 2 hadi 5 za unga wake katika kila kilo 100 za chakula. Usizidishe! Majani yana nyuzinyuzi, na kuku akila mengi mno hudumaa. Ukiona ngozi na mafuta yake ni ya manjano usiogope, hiyo ni rangi ya majani.

Lakini mlonge ni chakula tu, hauzuii mdondo. Chanjo ni lazima. Na kuku mgonjwa akitibiwa kwa dawa, usimchinje wala kumwuza kabla hazijaisha siku zilizoandikwa kwenye chupa.