Limfoma baada ya kupandikizwa figo

Limfoma baada ya kupandikizwa figo ni saratani ya limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, inayoweza kumpata mtu aliyewekewa figo ya mtu mwingine. Ni ya nadra: huwapata takriban watu 1 hadi 3 kati ya 100 waliopandikizwa figo. Iliripotiwa mara ya kwanza nchini New Zealand mwaka 1968.

Sababu

Mgonjwa hunywa dawa za kupunguza kinga ya mwili, kama takrolimusi, ili mwili usiikatae figo mpya. Kinga ikipungua, virusi vya Epstein-Barr vinaweza kuzifanya limfosaiti zizaliane bila kikomo. Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa Burkitt kutoka Uganda. Hatari ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza, na kwa watoto ambao hawajawahi kuambukizwa virusi hivyo kabla ya upasuaji.

Dalili na utambuzi

Dalili ni homa ya muda mrefu, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito na kuvimba tezi za shingoni, kwapani au kinenani. Kwa kuwa zinafanana na za kifua kikuu, ugonjwa unaweza kuchelewa kutambuliwa. Uthibitisho hupatikana kwa kukata kipande cha tezi na kukipima maabara.

Matibabu

Hatua ya kwanza ni daktari kupunguza dawa za kushusha kinga. Wengine huhitaji rituksimabu au tibakemikali. Figo ikikataliwa, mgonjwa anaweza kurudi kwenye usafishaji wa damu. Mgonjwa hapaswi kuacha dawa mwenyewe, kwani anaweza kuipoteza figo.

Tanzania na mkoa wa Singida

Upandikizaji wa figo nchini Tanzania ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, Novemba 2017, ukafuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Dodoma inapakana na mkoa wa Singida upande wa mashariki, hivyo huduma hiyo imewasogelea wakazi wa Singida. Hata hivyo, mgonjwa akisharudi nyumbani, homa yake huonwa kwanza katika zahanati au kituo cha afya. Ni muhimu amweleze mhudumu kwamba amepandikizwa figo na kumwonyesha dawa anazotumia, ili apewe rufaa mapema.